Nani Anavuka na Kirikuu Chetu

Mbagala Charambe,
19 Januari 2025

Kaka Polikarpo,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo, na natumaini wewe na wifi Editha mko salama, na magoti yake yamepunguza kuuma. Mtoto wa binti yangu Herieth ameota meno mawili ya chini na anang'ata kila anachokiona. Juzi kang'ata pindo la sare ya kwaya niliyoishona wiki nzima. Nimefua, nimepiga pasi, alama bado ipo. Atakayeivaa Pasaka itabidi aimbe kwa nguvu ili watu wamtazame mdomoni.

Najua utashangaa kuletewa barua na kondakta wa basi wakati simu ipo. Lakini kaka, masikio yako tunayajua. Nikikupigia, wifi anaweka simu kwenye spika, ua mzima unasikia, na jirani zenu wananiitikia kabla yako. Mengine hayafai spika.

Nina swali dogo. Kile kirikuu cha mizigo ulichomnunulia mwanangu Seba kwa fedha za korosho, kadi yake ina jina lako. Sasa pale daraja la Kigamboni gari linaweza kusajiliwa kwenye mfumo. Likifika getini linatambuliwa kwa namba yake, tozo inakatwa yenyewe, na mwenye namba ya simu anapata ujumbe kwamba gari lako limevuka. Je, chetu kimesajiliwa? Na kama kimesajiliwa, ni kwa namba ya nani? Naomba uniangalizie, kwa kuwa mwenye gari kwenye karatasi ni wewe.

Seba hajambo. Ana kazi nyingi za kupeleka mizigo Kigamboni, hata nyumbani hafiki sana, ndiyo maana nauliza mimi badala yake. Anakusalimu.

Usichelewe kujibu, kaka. Ni swali dogo tu, lakini usichelewe.

Mdogo wako,
Sesilia


Newala,
2 Februari 2025

Mdogo wangu Sesilia,

Marahaba. Milele amina. Barua yako wakala wa mabasi alinipa ikiwa na mafuta ya maandazi, lakini inasomeka. Editha hajambo, magoti ni yale yale. Mvua imetushukia vizuri. Padre aliniagiza sanamu ya Mtakatifu Yosefu, nikafika kwenye mkono wa kulia, mpingo ukapasuka. Sasa nimeufanya mkono uwe nyuma ya mgongo. Padre akiuliza nitasema Yosefu ameficha msumeno. Jana Editha alipika kisamvu cha nazi, tukakaa watatu tukamaliza chungu chote.

Nimefurahi kusikia kwamba Seba hajambo na ana kazi nyingi. Mwambie mjomba wake anamsalimu.

Kuhusu gari sijui. Mimi ni mtu wa tezo na patasi, mambo ya mifumo ni ya kwenu mjini. Usihangaike nayo. Wala usiende kuulizauliza darajani, maana mwenye kuuliza sana huishia kuulizwa yeye.

Ila nawe unijibu moja. Kuna mtu yeyote amefika hapo nyumbani kuulizia hilo gari? Kama yupo, niambie amevaaje na alikuja na nani.

Kaka yako,
Polikarpo


Mbagala Charambe,
16 Februari 2025

Kaka,

Shikamoo. Wifi mpe pole ya magoti, mwambie nimemtafutia dawa ya kuchua, nitaituma na basi. Huku joto limezidi, umeme unakatika mchana, nashona kwa cherehani ya mguu. Herieth na mwanawe hawajambo.

Nilikudanganya, kaka. Seba sijamwona tangu Alhamisi ya tarehe 9 Januari. Aliondoka asubuhi na kirikuu, amepakia vigae vya kupeleka Kibada, akaniambia nimwekee maharage. Hakurudi. Simu yake haipatikani. Nilikuficha kwa sababu wewe ndiye mjomba, na kwetu mtoto ni wa mjomba, sikujua nitakuambia vipi kwamba mtoto wako amenipotea mimi.

Nimemtafuta vituo vya polisi vya huku Temeke vyote, nikimwelezea sura yake bila kutaja gari, kwa kuogopa kulitia jina lako matatani. Nimekwenda mpaka geti la gereza la Segerea, wakapitia orodha ya majina, hayupo. Nimekwenda mochwari. Sikumtuma mtu, nilikwenda mwenyewe. Walinifunulia vijana watatu, na kila shuka lilipoinuliwa nilisema moyoni, Mungu wangu, asiwe huyu. Sikuwa na nguvu ya kuwaombea wale watatu. Hilo linanisumbua mpaka leo.

Juzi Herieth akaniambia, "Mama, si tucheki kama gari lipo kwenye mfumo wa daraja? Unaingiza namba ya gari tu." Akabonyeza, akangoja, nikamwona uso unambadilika. Akasema, "Lipo. Limesajiliwa. Namba ya simu inaishia 318. Na jana limevuka saa moja kasorobo asubuhi, likarudi saa tisa mchana."

Nilipiga magoti pale pale kwenye vitambaa. Nikasema mwanangu yu hai, anavuka daraja. Furaha haikufika jioni, hofu ikaingia. Kama anavuka kuja upande huu, mbona haji kwangu? Nimemkosea nini? Au kuna mtu amemshika anamwendesha anavyotaka?

Halafu nikatazama ile namba. 318 ni yako, kaka. Kila gari likivuka, ujumbe unaingia kwenye simu yako. Wewe ukaniandikia kwamba hujui.

Kuanzia kesho nitakuwa nakwenda kusimama pale getini asubuhi mpaka nilione.

Sesilia


27 Februari 2025

Sesilia,

Marahaba. Nisamehe salamu fupi.

Usiende darajani. Nakuamuru kama kaka yako mkubwa. Anayeendesha gari hilo si Seba. Usiniulize ninajuaje. Na Herieth asiingize tena namba ya gari kwenye simu, kila anayeulizia anaacha alama huko kwenye mfumo wao.

Ile laini yangu nimeitoa kwenye simu nikaichoma. Usipige, hutanipata. Usiandike jina la mtoto kwenye barua. Baada ya kusoma hii, itie jikoni.

Editha analia. Mimi nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, na sina wa kumwambia kwa sababu kila ninayeweza kumwambia atakuwa shahidi.

P.


Mbagala Charambe,
9 Machi 2025

Kaka Polikarpo,

Shikamoo. Kwaresima njema kwako na kwa wifi. Dawa ya kuchua naiweka pamoja na barua hii, achue jioni akiwa amekaa, asichue akapika, inawasha.

Barua yako sikuichoma. Nimeisoma nikaiweka kando ya ile ya kwanza, nikazisoma pamoja. Katika ile uliandika mlikaa watatu mkamaliza chungu cha kisamvu. Nyumba yenu ina watu wawili tangu binti yenu aolewe Tandahimba. Na katika hii unasema kwa uhakika anayeendesha si Seba. Mtu atajua wapi kwamba si Seba, kama hajui Seba alipo? Umenizoea mdogo wako mshona nguo, ukafikiri sijui kuunganisha vipande.

Yuko kwako. Sema tu. Hata kwa neno moja. Nimemlia mtoto huyu miezi miwili, nimefunuliwa maiti za watoto wa wenzangu, na wewe unaniandikia habari za mkono wa Yosefu.

Darajani nilikwenda. Nisamehe kwa kutokutii. Nilichelewa kuanza kwa sababu ya sare za kwaya, lakini kuanzia mwisho wa Februari siku saba nilisimama na mfuko wangu kama mtu anayesubiri usafiri. Walinzi wakaanza kunizoea, mmoja akaniuliza, "Bi mkubwa, unauza nini?" Nikasema nasubiri mwanangu. Jumatatu tarehe 3 nikaliona. Mkwaruzo wa mlangoni ni ule ule. Anaendesha mwanamume wa makamo, amevaa kofia ya vito, ile ya kutariziwa. Pembeni yake kuna mzee amenyoosha mguu mmoja mpaka juu ya dashibodi, mweupe kama umepakwa chokaa. Gari halikusimama hata kidogo, geti likafunguka likapita. Alhamisi tarehe 6 wakapita tena, saa ile ile. Yule mzee alinitazama.

Ni akina nani hao, kaka? Wana nini na mtoto wangu? Niambie kabla sijawasimamisha, maana nitawasimamisha.

Sesilia


Newala,
20 Machi 2025

Mdogo wangu Sesilia,

Marahaba. Dawa imefika, Editha anashukuru. Alichua akapika, kama ulivyojua.

Seba yuko hapa. Yu hai, hana jeraha.

Alifika Jumamosi ya tarehe 11 Januari akiwa na ndala moja mguuni. Hakusalimia, aliingia ndani akalala siku mbili. Siku ya tatu akaniambia. Kule Kibada, kwenye kona, alimgonga mzee wa baiskeli aliyebeba nazi. Alimwona amelala, damu inatoka kichwani, hatikisiki. Akashuka. Akaona watu wanatoka kila upande wanakuja mbio. Unajua watu wakimshika dereva aliyeua wanamfanya nini, na yeye anajua. Akakimbia. Gari akaliacha na ufunguo wake.

Nilikuficha kwa sababu hujui kudanganya. Katika barua yako ya kwanza uliposema Seba hajambo, mwandiko ulitetemeka kwenye jina lake. Askari wangekuuliza swali moja tu. Na mtoto aliniangukia miguuni akasema, mjomba, mama asijue kwamba nimeua. Ulitaka nifanye nini? Kosa la mpwa ni la mjomba, ndivyo wazee walivyotuachia. Nikasema basi, nalibeba mimi.

Ila sasa ule ujumbe. Seba aliposajili gari kwenye mfumo wa daraja aliweka namba yangu, eti kwa kuwa kadi ina jina langu. Jambo la adabu tu, amheshimu mjomba. Wiki ya pili ujumbe ukaingia: gari lako limevuka. Seba amekaa mbele yangu anamenya muhogo, na gari lake linavuka daraja. Jumatatu limevuka. Alhamisi limevuka. Kila simu ilipolia, kabla sijaichoma laini, alinitazama, nikimwambia limevuka anatoka nje. Salio likiisha linaongezwa, na si sisi tunaoongeza. Askari ndio hao, wameliachia gari litembee ili waone nani ataliulizia. Halafu wewe ukaliulizia. Ukasimama getini siku saba.

Huyo mzee mwenye mguu mweupe sijui ni nani, na sitaki kujua. Usiwasimamishe, nakusihi kwa jina la marehemu mama yetu.

Tunateremka shambani bondeni baada ya wiki moja. Nitamweka mahali ambapo hakuna daraja wala mfumo. Sikuambii ni wapi. Ukiulizwa hutakuwa na cha kusema, na hilo ndilo pendo ninaloweza kukupa kwa sasa.

Kaka yako,
Polikarpo


Mbagala Charambe,
28 Machi 2025

Kaka yangu, wifi yangu, mwanangu Seba,

Shikamoo, kaka. Leo nawasalimu wote watatu kwa majina na sijali nani atasoma.

Mzee hakufa. Nalitanguliza hilo ili hata barua ikilowa njiani, mstari huu ubaki.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Niliisoma nikafurahi na kulia kwa pamoja, mwanangu yu hai na mwanangu ameua. Siku tatu sikushona. Kisha nikajiambia, yule mwenye mguu mweupe alikuwa anatoka Kigamboni siku za Jumatatu na Alhamisi, asubuhi, anarudi mchana. Askari gani anafanya upelelezi kwa ratiba ya kliniki?

Jana nilikwenda na Herieth. Mimi nilisimama kabla ya geti, yeye mbele yake, na mtoto mgongoni. Lilipopita geti Herieth akaingia barabarani kabisa akanyoosha mikono. Gari likasimama. Nilikimbia, kaka, mimi na unene huu. Nilijua wanaweza kunipeleka kituoni sasa hivi, lakini nilifika dirishani nikasema, "Hili gari ni la mwanangu."

Yule mwenye kofia akazima injini. Akasema, "Mama, sie tunawasubiri nyie tangu Januari. Mwenye gari yuko wapi?"

Anaitwa Nurdin. Mzee ni kaka yake, Mzee Mbwana, anauza nazi kwa baiskeli kule Kibada. Mguu umevunjika mara mbili, umefungwa plasta, ndio ule weupe. Kichwani alishonwa nyuzi sita. Wale watu waliokuwa wanakuja mbio, kaka, walikuwa wanakimbilia gari. Walitaka wampakie mzee wamuwahishe hospitali. Walipofika wakakuta dereva keshaingia vichakani, ufunguo upo, Nurdin akakaa kwenye usukani. Hospitalini Nurdin na wenzake wakasema ameanguka kutoka kwenye mnazi, kwa sababu wangetaja gari, gari lingelala kituoni kama kielelezo na wao walikuwa na haja nalo. Tangu hapo ndilo linalompeleka kliniki huku Temeke. Wanatia salio, geti linafunguka, wanapita. Askari hawajui kitu. Hakuna anayemtafuta Seba.

Walinichukua mpaka kwao tukafuturu nao. Nilipiga magoti mbele ya Mzee Mbwana, akaninyanyua kwa mkono. Akasema, "Mie niliingia kona bila kutazama nyuma, baiskeli yenyewe breki ni mguu. Kijana alikimbia, hilo ndilo kosa lake. Aje na wazee wake tukae mkekani, aseme samahani, yaishe." Mwenyekiti wa mtaa wao naye anajua yote hayo.

Nimekupigia mara ishirini ingawa najua laini uliichoma, namba haipatikani. Nimempigia wakala wa mabasi hapo Newala, ameahidi akikuona tu atakupa barua mkononi. Kaka, mlete mwanangu. Usimfiche tena popote. Panda naye basi la kwanza.

Sesilia


Newala,
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Wewe na Herieth nawapa salamu za Pasaka, na mtoto. Editha yuko kanisani, hajatoka tangu jana.

Barua yako ya tarehe 28 ilifika hapa tarehe 30 Machi. Mimi nilikuwa nimeshateremka bondeni tarehe 29, na niliapa kutopanda mjini mpaka Pasaka, ili mtu asinione. Wakala aliitunza vizuri, hakuna doa. Nimeipata jana baada ya misa.

Tarehe 2 Aprili nilimvusha Seba mto Ruvuma. Mimi mwenyewe, asubuhi, kwa mtumbwi wa kukodi. Barua yako siku hiyo ilikuwa na siku ya nne hapa mjini. Nilimkabidhi kwa mtoto wa mama mkubwa wa upande wa Msumbiji, yule aliyekuja kwenye msiba wa mama. Nilimwambia Seba akae kule mwaka mmoja, alime, asahau. Alinishika mkono akauliza, "Mjomba, yule mzee alikuwa na watoto?" Nikamwambia asiniulize.

Siku tisa baadaye watu wakaanza kuvuka kuja huku, wana vyungu na watoto na magodoro yaliyolowa. Wanasema watu wenye silaha waliingia kijijini wakachoma. Ndugu yetu alivuka na mkewe. Seba hakuwa nao. Anasema waliposikia milio kila mmoja alikimbia alipoweza, na Seba alielekea porini, upande ambao si wa mto. Tangu siku hiyo nashinda ukingoni. Namuuliza kila anayeshuka mtumbwini. Wameniambia wapo vijana wanaojificha kwenye matete ng'ambo, hawavuki kwa sababu huku wanaona sare za walinzi wa mpaka.

Nikasikia hivyo nikaelewa. Hata kama yu hai, hata kama amefika mtoni, Seba hatavuka. Anajua kwamba ameua na anatafutwa, na aliyemwaminisha hivyo miezi mitatu ni mimi. Kila ujumbe ulipoingia nilimwambia askari hao. Ningekujibu barua yako ya kwanza kwa ukweli, angekuwa anakula kwako sasa hivi.

Nilisema nalibeba mimi. Nimembebesha yeye. Naogopa kurudi mtoni na naogopa kutorudi. Tangu sasa nitapanda mjini kila baada ya siku mbili kuangalia barua, siku zingine zote niko ukingoni. Kama utakuja kunitemea mate usoni, njoo, nitakuwa hapo.

Polikarpo


Mbagala Charambe,
26 Aprili 2025

Kaka,

Sikuamkii. Shikamoo yako ninayo, lakini leo haitoki, na sitaki kuiandika kwa uongo. Mtoto ana homa kidogo ya meno, Herieth anabaki naye. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Mwanzoni mwa mwezi nilipoona kimya nilikata tiketi kuja huko, mvua ikakata barabara ya kusini, mabasi yakasimama, nikarudishiwa nauli. Nilikaa nikijifariji kwamba kimya chako maana yake mko njiani. Jana nikapata barua. Niliisoma kituoni Rangi Tatu nimesimama, mpaka muuza karanga akanishika bega akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia sijui. Ndilo jibu la kweli nililonalo.

Nilikwenda Kibada moja kwa moja na barua mkononi. Nilidhani nitawaomba gari tu. Mzee Mbwana akamwambia Nurdin amsomee, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba magongo yake. Nurdin akamwambia, "Kaka, plasta umetolewa juzi, safari ya Newala utaiweza?" Mzee akajibu, "Akienda mama yake, kijana atadhani askari wamemtuma. Mtu anayeamini ameua hatoki majanini kwa maneno. Mie nitasimama ukingoni anione." Nilimwambia anaweza kuja bure, kwamba huenda hakuna mtu ng'ambo. Akasema basi atakuwa amesimama bure, mguu ni wake.

Tunaondoka Jumatatu alfajiri na kirikuu, Nurdin anaendesha, mzee amewekewa godoro nyuma. Barua hii inatangulia na basi la kesho. Tutalala Lindi, Jumanne jioni tutakuwa Newala. Mtafute mtu wa kutuonyesha njia ya kuteremka bondeni, na umwombe huyo mwenye mtumbwi asipokee wateja wengine Jumatano.

Kaka, naogopa. Naogopa kufika na kukuta maji matupu. Wewe usiondoke hapo ukingoni hata kwa kula, wifi akuletee. Ukiona matete yanatikisika ng'ambo usiogope walinzi, na masikio yako yasikuzuie kupaza sauti. Usimuulize alipokuwa, usimwombe msamaha, hayo yatasubiri. Mwambie tu yule mzee hakufa na anakuja.

Sesilia